Milango mitatu ya ordinateri, magonjwa matatu

Wamama wapenzi, juma lililopita tuliwaahidi kwamba tutaendelea na habari ya watoto wanaoogopa hesabu. Habari hiyo itangoja kidogo. Kuna mambo yaliyotupata siku chache kabla ya kugawana pesa za AVEC yetu, na wengi wenu mmekwisha kuyasikia sokoni yakiwa yametiwa chumvi nyingi. Ni vizuri myasome hapa jinsi yalivyokuwa. Tunajua pia kwamba kuna vikundi vingine hapa Bukavu vinavyotunza hesabu ndani ya ordinateri ya zamani kama yetu, na jambo kama hili linaweza kuwafikia.

Mnaijua ile mashini. Ni laptopu ya okazyo, tuliichangia miaka sita iliyopita, na kwenye klavie herufi A na E zimekwisha kufutika. Pembeni ina milango mitatu ya USB, yaani yale matundu madogo marefu tunamochomeka kle, suri ao waya wa simu. Miwili iko upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia. Chama hakina imprimanti. Kila mwisho wa mzunguko, mama mtunza hesabu anatia mahesabu ndani ya kle, anayapeleka kwenye nyumba ya fotokopi, karatasi zinatoka, tunazibandika ukutani ili kila mama aone sehemu zake na faida yake. Ndipo wenye funguo tatu wanafungua sanduku mbele ya watu wote. Bila zile karatasi hakuna anayekubali kugawana, na ni haki yao.

Kugawana kulipangwa siku ya posho, mwisho wa mwezi wa 8. Masomo yanaanza mwanzo wa mwezi wa 9, na kila mmoja wa wale wamama 25 alikuwa amekwisha kupangia pesa zake kazi: yunifomu, viatu, madaftari, na minervali kwa wenye watoto wa sekondari.

Siku ya tatu jioni mama mtunza hesabu alichomeka kle kushoto. Kimya, hata ile taa ndogo ya kle haikuwaka. Akajaribu tundu la pili la kushoto, kimya vilevile. Akahamia kulia: taa ikawaka, ikazimika, na kwenye ekrani maandishi yakatokea: «Périphérique USB non reconnu». Asubuhi yake akapeleka mashini kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Kijana aliitazama dakika mbili tu, akasema: «Mama, karte mere imekufa. Ni dola 70, na uniachie mashini mpaka juma lijalo.»

Mama alikataa kuiacha, na tunamshukuru kwa hilo, kwa kuwa ndani mna majina ya wamama wote na deni la kila mmoja. Lakini aliporudi na kusema kwamba karatasi hazitatoka kwa sababu mashini haipokei kle, maneno yakaanza. Kufika saa sita mchana tulisikia kwamba pesa zimeliwa. Kufika jioni tulisikia hata duka alilofungua nazo liko avenyu gani. Mama huyu ametunza hesabu zetu miaka minne bila kupunguka hata franga 100. Alikuja kwetu usiku akiwa na mashini ndani ya kikwembe, macho mekundu.

Sisi si mafundi. Kwenye masomo yetu ya ualimu tulifundishwa kutayarisha fishi ya somo na kumwuliza mtoto swali moja kwa wakati mmoja. Lakini ile desturi ya swali moja kwa wakati mmoja ndiyo iliyotusaidia. Mtoto akikosea hesabu ya kugawanya, huwezi kujua kama hajui kugawanya, ao hajui kutoa, ao haoni ubao vizuri, mpaka umemtenganishia mambo hayo. Mashini ni vilevile.

Swali la kwanza: nani mgonjwa, kle ao ordinateri? Tulichukua ile kle tukaichomeka kwenye mashini nyingine ya jirani yetu. Ikafunguka mara moja. Kisha tukachukua kle nyingine nzima tukaitia ndani ya laptopu yetu. Ikakataa vilevile. Basi kle ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa upande wa laptopu. Jaribio hili ni la dakika tano na halina gharama, lakini kijana wa dola 70 hakulifanya.

Hapa tuseme neno la pembeni. Ikiwa mashini inaona kle, lakini badala ya mafaili yako unaona mishale midogo tu, ile inayoitwa «raccourci», hiyo si shida ya tundu. Ni virusi vinavyotembea na kle kutoka siberi moja mpaka nyingine. Mara nyingi mafaili yangali ndani, yamefichwa tu. Na ikiwa ekrani inakuuliza kama unataka «formater» ile kle, jibu «Annuler». Kuformata ni kufuta. Tunamjua mwalimu mmoja aliyepoteza pointi za darasa zima kwa kubonyeza «Oui» akifikiri anajibu salamu.

Swali la pili: umeme unapita ndani ya tundu, ao haupiti? Ukitazama ndani ya tundu la kawaida utaona ulimi mdogo wa plastiki, na juu yake mistari minne ya shaba. Miwili ya pembeni inaleta umeme, volti 5. Miwili ya katikati inapitisha mazungumzo kati ya kle na mashini. Kwenye kle yenyewe, ile ya pembeni ni mirefu kidogo kuliko ya katikati, ili umeme ufike kwanza, mazungumzo yafuate. Matundu ya rangi ya bluu yana mistari mingine mitano, lakini ile minne iko palepale. Kwa hiyo tundu linaweza kuwa na umeme na lisiongee. Linaweza pia kufa kabisa.

Njia ya kujua bila chombo cha fundi ni waya wa simu. Tulichomeka simu yetu katika kila tundu. Kushoto mbele: simu haikushaji kabisa. Kushoto nyuma: ilishaji tukiushika waya kwa mkono, tukiuachilia inaacha. Kulia: ilishaji vizuri bila kukatika. Tukaandika hayo kwenye karatasi, na tulipoyatazama tukaona kwamba hatukuwa na ugonjwa mmoja wa karte mere. Kila tundu lilikuwa na ugonjwa wake.

Tulileta tochi. Kushoto mbele ulimi wa plastiki ulikuwa umevunjika na mistari ya shaba imepinda. Ndipo mama akakumbuka: mwezi wa 6 mtoto aliangusha kiti juu ya kle iliyokuwa imechomekwa. Tundu la namna hiyo msiliguse tena. Ile shaba ikipinda mpaka kugusana, umeme unakutana pasipofaa, na hapo ndipo mashini yenyewe inaweza kuumia. Tulilifunga kwa skochi usiku uleule.

Kushoto nyuma, wamama, mlikuwa na unga. Unga wa muhogo, na nyuzi za kitambaa. Mashini yetu inasafiri ndani ya kikapu kilekile kinachokwenda soko la Kadutu, tusishangae. Tuliizima, tukaondoa waya wa umeme, tukatoa batri, halafu tukasafisha polepole kwa mswaki mpya mkavu na kijiti chembamba cha mti. Msitumie sindano wala pini, maana chuma kinakwangua shaba na kinaweza kugusanisha mistari. Msipulize kwa mdomo pia. Pumzi ina maji. Unga ulitoka kidogo kidogo. Kisha, mashini ikiwa bado haina batri wala waya, tulibonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30. Hilo linamaliza umeme mdogo uliobaki ndani, na mara nyingine tundu lililojifunga lenyewe kwa kujikinga linaamka. Laptopu nyingi za sasa batri yake iko ndani na haitoki; kwa hizo mnazima, mnaondoa waya, mnabonyeza kitufe hivyohivyo.

Na hapa tulifanya kosa letu. Tulirudisha waya wa umeme, tukasahau kurudisha batri. Tukawasha, mama akafungua faili ya mahesabu atazame kama iko nzima, tukaanza kushughulika na tundu la kulia. Saa moja na nusu usiku umeme ukakatika katika avenyu nzima. Mashini ilizimika mikononi mwetu, faili ikiwa wazi. Mama hakusema kitu. Alikaa tu kwenye giza, na sisi tulikosa neno la kumwambia. Maneno yote ya sokoni yangekuwa ya kweli kesho yake: hesabu hazipo, na aliyekuwa nazo ni yeye.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kilichotuuma ni kwamba tulianza kutengeneza kabla ya kuokoa. Mtu mwenye nyumba inayovuja anatoa kwanza watoto, ndipo apande kwenye paa. Sisi tulipanda kwenye paa.

Asubuhi ya siku ya tano, umeme uliporudi, tuliweka batri, tukawasha. Programu ya mahesabu ikatuonyesha yenyewe nakala iliyojihifadhi. Mistari miwili tu ambayo mama alikuwa ameongeza usiku ilipotea, na ilikuwa kwenye daftari. Tukashukuru Mungu. Lakini safari hii hatukugusa tundu lolote. Tuliuliza: kuna njia gani nyingine ya kutoa faili hii humu ndani?

Njia zilikuwepo, tena zaidi ya moja. Tungeituma kwa imeli kama kungekuwa na rezo. Siku hiyo haikuwepo. Tungeituma kwenye simu kwa Bluetooth. Lakini binti yetu wa darasa la sita akatuonyesha mlango wa nne ambao sisi wakubwa hatukuwahi kuuona: mbele ya mashini, chini kidogo, kuna mkato mwembamba wa kutia karte ya kumbukumbu, ile ya aparei ya picha. Mke wa jirani alikuwa na simu yenye karte ndogo, na kwenye duka la simu tukapata kile kifuko cha plastiki kinachoigeuza ndogo kuwa kubwa, kwa franga kidogo sana. Tukatia, mashini ikaiona. Tukakopi faili. Tukatoa karte, tukaifungua faili ndani ya simu kuhakikisha kwamba inasomeka, kisha tukaikopi mara ya pili kwenye simu ya pili. Ndipo tulipopumua.

Nyumba ya fotokopi ilichapa kurasa tisa kutoka kwenye simu. Kufika saa kumi alasiri zilikuwa mikononi mwa mama.

Baada ya hapo tulirudia tundu la kulia kwa moyo mtulivu, na hili tutalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalopata watu wengi na ndilo lisilohitaji fundi. Tundu lilikuwa na umeme, tulikwisha kuona kwa simu. Shida ilikuwa mazungumzo. Kwenye Windows ya Kifaransa mnabonyeza kwa upande wa kulia wa suri juu ya ile alama ya madirisha manne iliyo chini ya ekrani, mnachagua «Gestionnaire de périphériques». Orodha ndefu itatokea. Tafuteni «Contrôleurs de bus USB», mfungue. Ndani yake mtaona mistari inayoitwa «Concentrateur USB racine». Yetu ilikuwa miwili. Kwa kila mmoja mnafungua «Propriétés», mnaenda kwenye «Gestion de l'alimentation», na huko kuna kisanduku kinachoruhusu ordinateri kuzima tundu ili kuchunga umeme. Mnaondoa alama. Mashini ya zamani mara nyingi inazima tundu namna hiyo kisha inashindwa kuliamsha.

Kwetu hilo peke yake halikutosha. Tulirudi kwenye mistari ileile, tukachagua «Désinstaller» kwa kila mmoja, tukawasha mashini upya. Msiogope neno hilo. Mashini inapoamka inatafuta matundu yake na kuyaandikisha upya yenyewe, kama mwalimu anayeita majina mwanzoni mwa mwaka. Angalisho moja tu: kama mnatumia ordinateri kubwa ya mezani ambayo klavie na suri zake zimechomekwa kwa USB, zitanyamaza katikati ya kazi, na mtabaki mnaitazama. Kwa laptopu hakuna shida, klavie yake ni ya ndani.

Ilipoamka tulichomeka kle kulia. Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaziba mdomo kwa mkono.

Siku ya posho karatasi zilikuwa ukutani tangu saa mbili asubuhi. Wamama walikuja mapema kuliko siku zote, na wachache walikuja na waume zao, jambo ambalo halifanyiki kwetu. Kila mmoja alilinganisha kadi yake yenye mihuri na mstari wake ukutani. Mihuri ndiyo ukweli wa kwanza, ordinateri inafuata tu, na tunaomba vikundi vinavyotaka kuacha kadi kwa sababu vina mashini visifanye hivyo kamwe. Mama mmoja alikuta mashini inampunguzia sehemu mbili. Kelele ikaanza. Tulitafuta juma kwa juma, tukakuta mwezi wa 5: kadi ina mihuri mitano, mashini imeandikwa 3. Ni kidole kilichokosea. Tukasahihisha kwa kalamu mbele ya wote, tukahesabu faida ya kila sehemu upya, ikapungua kidogo sana kwa kila mtu, na kila mtu akaona kwa nini. Sanduku lilipofunguliwa pesa zilikuwa sawasawa na karatasi.

Wamama wawili wamekwisha kwenda kwa mama mtunza hesabu kumwomba msamaha. Wa tatu bado, na anajijua. Tulimwuliza mama kama ataendelea na kazi mzunguko ujao. Alisema atafikiri. Sisi tunaona anayo haki ya kufikiri.

Juu ya fundi: tulimpata mwingine, mtu mzima, aliyekubali kufungua mashini mezani kwetu huku tukitazama. Alituonyesha kwamba matundu mawili ya kushoto hayako kwenye karte mere kabisa. Yako kwenye kikarte kidogo cha pembeni kilichounganishwa kwa utepe, na kinabadilishwa peke yake. Kwa kipande na kazi anaomba dola 12. Si laptopu zote ziko hivyo. Kwa nyingine tundu limechomelewa kwenye karte mere yenyewe, na hapo kazi ni ya mkono mzoefu na bei inapanda. Lakini kabla ya kukubali kwamba mashini imekufa, mwulizeni fundi tundu liko kwenye karte gani, na aoneshe. Anayejua kazi yake hachukii swali hilo.

Komite imepanga mambo machache. Mashini imepata mfuko wake, haitaingia tena kikapuni na unga. Kle haitatolewa kabla ya kubonyeza «Éjecter» na kungoja mashini iseme tayari. Kila mwisho wa mkutano faili itakopiwa kwenye karte mbili, moja kwa mama mtunza hesabu, nyingine kwa mmoja wa wenye funguo, na si kwa mtu wa nyumba moja naye.

Fundi atakuja na kipande siku ya pili saa nane. Mpaka hapo tundu la kushoto mbele linabaki na skochi yake. Tafadhali msiwaache watoto waibandue. Habari ya hesabu na watoto tutaileta juma lijalo, na wenye maswali ya mashini wayaandike kwenye karatasi na kuyaacha kwa sekreta.